Rangi ya Tende: Shajara ya Kupima Uasilia wa Ndani ya Mercedes-Benz 300 SE ya 1987

3 Februari 2024: Gari linafika

Gari hili ni Mercedes-Benz 300 SE ya mwaka 1987, la jamii ya 126, jamii iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, ikabadilishwa sura mwaka 1985 na kukoma kwa upande wa saluni mwaka 1991. Bodi ni ya buluu iliyokolea. Muuzaji ananiambia kwamba limekaa Mombasa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba muda mwingi liliegeshwa uani, ubavu wa kushoto ukitazama mashariki. Niliiandika habari hiyo ya mashariki bila kuitilia maanani, nayo ndiyo iliyokuja kunifaa kuliko maneno yake mengine yote.

Muuzaji aliapa kwamba ndani kila kitu ni cha kiwandani. Mtu mwenye macho angebisha, kwa kuwa humo ndani mna kahawia za namna nne. Viti vya mbele vimepauka hadi kukaribia rangi ya majani makavu, na mikunjo yake imepasuka. Kiti cha nyuma ni cha kahawia nzuri, sawasawa kila mahali, utadhani hakijawahi kukaliwa. Milango mitatu inakaribiana na kiti cha nyuma, ila mlango wa mbele wa kulia una wekundu kidogo. Dashibodi ni ya kahawia nzito zaidi ya vyote. Zulia ni la kijivu.

Fundi viti wa kwanza niliyemwonyesha alitaja bei papo hapo: shilingi 65,000 na siku tatu, apulize kila kitu rangi moja. Nilimshukuru nikaondoka. Ngozi ya kiwandani ikishapulizwa rangi, itarudishwa kwa taabu kubwa au isirudi kabisa, na mimi sikuwa nimejua bado kipi ni cha kiwandani. Nimeianza shajara hii ili yeyote mwenye gari la aina hii aweze kufuata hatua zangu, na hasa aepuke zile zilizonitia hasara.

Dhana yangu ya leo, niliyoiandika kwa wino: kiti cha nyuma ni asilia, viti vya mbele vilibadilishwa.

10 Februari: Picha zisizofaa

Nilipiga picha 74 gereji, chini ya taa za tyubu, kwa simu. Nilipozitazama nyumbani, kiti kimoja kilikuwa na rangi tatu katika picha tatu, kwa sababu simu hurekebisha weupe yenyewe kila inapoelekezwa mahali papya. Picha zote nikazifuta. Nilizirudia saa nne asubuhi, siku ya mawingu, milango ikiwa wazi na karatasi ileile nyeupe ikiwa ndani ya kila picha, ili jicho lipate pa kulinganishia. Gharama: hakuna, ila asubuhi mbili.

17 Februari: Kadi inanidanganya, au mimi najidanganya

Magari ya Mercedes-Benz ya enzi hizo yalitoka kiwandani na kadi ya taarifa, ambayo hutaja injini, rangi ya bodi, rangi na aina ya malighafi ya ndani, na vifaa vya ziada vilivyoagizwa. Kwenye gari langu, kibati kilichofungwa juu ya rejeta kinataja rangi ya bodi kuwa 904, yaani ile buluu iliyokolea, na hilo linaafikiana na ninachokiona chini ya zulia la buti na ndani ya bawaba za milango, mahali ambapo wapulizaji wa haraka huwa hawafiki. Katika namba ya chesisi, tarakimu inayofuata 126024, ambayo ni namba ya aina ya gari hili, ni 2, maana yake usukani ni wa kulia, na herufi A baada yake ni ya kiwanda cha Sindelfingen. Hadi hapo hakuna mgogoro.

Rangi ya ndani ndiyo niliyoitafuta katika nakala ya kadi iliyokuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa vitabu vya gari. Ni nakala ya nakala, imefifia. Namba ya malighafi ina tarakimu tatu, na ya kwanza ndiyo hueleza aina: 0 ni kitambaa, 1 ni MB-Tex, ile reksini ngumu ya Mercedes, 2 ni ngozi, na 9 ni mahameli. Nilisoma 175. Basi gari lilizaliwa na reksini ya rangi ya tende, nikasema, na kwa kuwa kiti cha nyuma ni cha reksini na vya mbele ni vya ngozi, shauri limekwisha.

Rangi yenyewe Wajerumani waliiita Dattel, yaani tende, lakini katika soko la Marekani ikauzwa kwa jina la Palomino, ambalo ni la farasi wa manyoya ya dhahabu. Mtu wa Pwani akisikia rangi ya tende atauliza tende ipi, kwa sababu ile iliyokauka ya kufuturia ni nyeusi ikilinganishwa na ngozi hii, ambayo inafanana zaidi na tende iliyoanza tu kulainika, nusu kahawia na nusu asali.

2 Machi: Kiti cha nyuma kinatolewa

Kukitoa kiti cha nyuma ni kazi ya dakika kumi, sitaieleza. Nilikipeleka kwa fundi viti mkongwe wa upande wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ambaye ameshona viti tangu kabla gari hili halijaundwa. Nilimwamkia, nikampa dhana yangu, nikamwomba aithibitishe. Alikigeuza kiti juu chini, akavaa miwani, akakaa kimya kwa muda.

“Usiniulize mimi, mwanangu,” akasema mwishowe. “Uulize uzi.”

Akanionyesha. Uzi wa kiti cha nyuma ulikuwa mweupe kwa upande wa chini na wa kahawia kwa upande wa juu, na ule ukahawia ulipofuatwa kwa sindano ulikatika kama ganda la yai: ilikuwa rangi iliyopulizwa baada ya kushonwa. Kingo za reksini zilishikwa kwa gundi na pini za stepla, ilhali kwenye viti vya mbele kingo zimefungwa kwa pete za waya, moja moja, kwa nafasi zinazolingana. Ndani ya kiti cha nyuma mlikuwa na sponji jipya lililokatwa kwa kisu. Ndani ya viti vya mbele, tulipochungulia kwa tochi kutoka chini, mlikuwa na ile pedi ngumu ya nyuzi zilizogandishwa kwa mpira, ambayo mafundi wa hapa huiita makumbi, na ambayo imeanza kumomonyoka na kudondosha vumbi la kahawia sakafuni.

Kwa hiyo kiti kilichokuwa kizuri kuliko vyote ndicho kilichoshonwa upya. Bado nilishikilia namba 175. Nilimwambia mzee kwamba huenda kiti cha nyuma kilishonwa upya kwa kufuata malighafi ya awali, na vya mbele vikatolewa gari jingine lenye ngozi. Hakubishana nami. Alitoza shilingi 1,000 za kunifungulia macho, nami nikaona ni haki yake.

23 Machi: Kadi ya kweli

Nakala safi ya kadi, iliyoombwa kwa uthibitisho wa umiliki, imefika. Namba si 175. Ni 275. Katika ile nakala iliyofifia, mkunjo wa karatasi ulipita juu ya tarakimu ya kwanza, ukala tumbo la 2 na kuacha mstari. Kwa majuma matano nimekuwa nikilihukumu gari kwa mkunjo wa karatasi.

Gari lilizaliwa na ngozi ya rangi ya tende. Viti vya mbele vilivyopauka na kupasuka ndivyo vyake. Dhana ya wino nimeikata kwa mstari mmoja, lakini sikuifuta, kwa sababu anayefuata shajara hii anastahili kuona jinsi ilivyoingia. Ilikuwa na mantiki: karatasi ilisema reksini, milango ni ya reksini, kiti kizuri ni cha reksini. Jambo nililokuwa silijui ni kwamba katika magari haya hata aliyelipia ngozi alipata ngozi kwenye sehemu za kukalia na kuegemea tu, na milango pamoja na migongo ya viti vya mbele ikafunikwa MB-Tex ya rangi ileile. Reksini mlangoni, kwa hiyo, haishuhudii lolote kuhusu viti.

Kutokana na hapo likaja jambo la pili. Ngozi na MB-Tex zilitoka kiwandani zikiwa zimefananishwa, lakini hazizeeki kwa njia moja. Ngozi hupoteza rangi kwa jua, jasho na sabuni kali. MB-Tex hukaa na rangi yake miaka mingi. Baada ya miaka 37, sehemu mbili zilizo asilia kabisa zinaweza kutofautiana kuliko sehemu asilia na ya bandia. Na kiti cha dereva, ambacho kiko kulia, hakijapauka kama cha abiria, ingawa kimekaliwa zaidi. Nilipokumbuka ubavu uliotazama mashariki, nililielewa.

6 Aprili: Thina, na mlango wa buluu

Hii ndiyo siku ya hasara.

Nilitaka kujua kama mlango wa mbele wa kulia, ule wenye wekundu, umepulizwa. Njia salama ni pamba nyeupe iliyoloweshwa kidogo spiriti ya kusafishia, isuguliwe polepole mahali pasipoonekana, kisha pamba itazamwe. Nilifanya hivyo kwenye ukingo wa chini, pamba ikatoka na uchafu tu. Badala ya kujaribu mahali pengine kwa spiriti ileile, nilikosa subira nikachukua thina ya rangi ya magari. Rangi ilitoka, ndiyo. Pamoja nayo ikatoka ngozi ya juu ya reksini, ikalainika kama ubani, na chapa ya kidole changu imebaki hapo, upana wa sentimita tatu hivi. Thina haichagui kati ya rangi ya juu na reksini yenyewe. Asiijaribu mtu, hata kwa tone.

Ila kidonda hicho kilionyesha kitu. Chini ya kahawia palikuwa buluu. Nilipoutoa ubao wa mlango, upande wa nyuma wa mfuko wa plastiki niliona ile saa ndogo ya kiwandani, duara lenye tarakimu za miezi kumi na miwili kuzunguka mshale, na mwaka ukiwa katikati. Ilisema 89. Gari langu ni la 1987. Sehemu iliyoundwa miezi kadhaa kabla ya gari inaweza kuwa yake tangu kuzaliwa, kwa kuwa vipuri hukaa ghalani kabla ya kufungwa, lakini sehemu iliyoundwa miaka miwili baadaye haina utetezi. Ubao huu ulivuliwa gari lenye ndani ya buluu, ukapulizwa.

Mbao nyingine tatu zilisoma 86 na 87, na pamba ya spiriti haikutoka na kahawia. Hizo nimeziandika kuwa asilia. Lebo za mikanda ya usalama zina tarehe pia, na ni ukaguzi wa bure unaosahauliwa: mikanda mitatu ni ya 1987, wa dereva ni wa 1994.

Gharama: spiriti na pamba 450, kiraka cha reksini ya kuziba kidonda 1,800, ambacho kinaonekana, na sitajifanya hakionekani.

20 Aprili: Mashine ya kusomea rangi

Duka la kuchanganyia rangi lilinikodishia mashine yao ya kusomea rangi kwa saa moja, shilingi 3,000. Mashine hutoa tarakimu za wepesi wa rangi na mwelekeo wake, na hesabu ya umbali kati ya rangi mbili. Umbali wa 1 jicho la kawaida huupata kwa shida, na ukipita 3 wengi watauona.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vya ajabu: kiti cha mbele kilisomeka kizito kuliko kinavyoonekana. Ilinichukua nusu ya saa yangu ya kulipia kugundua kwamba nilikuwa nikiiweka mashine juu ya sehemu yenye vitundu, na kila kitundu ni giza ambalo mashine huliingiza katika hesabu. Nikahamia kwenye pembe laini za pembeni, na tarakimu zikatulia.

Pa kupima ni pale jua lisipofika. Nilipima ngozi iliyojificha chini ya kiegemeo cha kichwa, baada ya kuking'oa. Pindo la ngozi lililoingia kati ya mgongo na kikalio. Na MB-Tex ya mlango wa nyuma wa kushoto nyuma ya kishikio. Ngozi iliyofichika na MB-Tex ya mlango ziliachana kwa 1.4 tu, na hapo ndipo nilipouona ule mfanano wa kiwandani kwa mara ya kwanza. Ngozi iliyofichika na ngozi ya juu ya kiti hichohicho ziliachana kwa 9. Kiti kimoja, ngozi moja, rangi mbili.

Kiti cha nyuma kiliachana na ngozi iliyofichika kwa 2.6, karibu sana. Aliyekishona alikuwa mtu makini: nadhani naye aliitafuta rangi mahali pa giza, kama mimi.

Dashibodi, ambayo ilinitia shaka tangu siku ya kwanza kwa uzito wake, nimeiondolea tuhuma. Nyufa zake zinaonyesha rangi ileile hadi ndani ya ganda, hakuna tabaka la juu lililopulizwa, na katika magari yenye ndani ya tende sehemu hiyo ya juu ilitengenezwa kwa kahawia nzito.

11 Mei: Rangi iliyokataa jua

Kwa kuwa sasa nilikuwa na tarakimu za rangi ya awali, nilichanganyiwa nusu lita ya rangi ya ngozi kwa shilingi 4,500, ili kuhuisha mikunjo ya viti vya mbele pasipo kuvipuliza vizima. Dukani, chini ya taa za tyubu, tone la majaribio lilipotelea kwenye ngozi. Nje, kwenye jua la saa sita, likageuka la kijani kidogo, kama doa la mchicha. Rangi mbili zilizochanganywa kwa poda tofauti zinaweza kufanana katika mwanga mmoja na kuachana katika mwingine, na hiyo ndiyo iliyonipata. Nusu lita ile nimewaachia.

Mara ya pili nilikaa na mchanganyaji mwenyewe. Tuliacha poda ya kijani, tukaitafuta kahawia kwa njano ya udongo, nyekundu ya udongo na nyeusi, na kila tone tukalitazama mara tatu: kivulini nje, chini ya balbu ya kawaida na chini ya tyubu. Tulifika katika tone la saba. Shilingi 3,200, naye hakukubali kupunguza bei ya rangi ya kwanza hata nusu, hilo nililimeza.

Nimepaka mikunjo iliyopoteza rangi tu, kwa sponji, tabaka nyembamba mbili. Kupauka kwa jua nimekuacha.

1 Juni: Zulia

Zulia la kijivu halikuhitaji mashine. Chini ya kiti cha nyuma, mahali pa kamba za mikanda, kulikuwa na kipande cha zulia la awali kisichozidi kiganja, cha rangi ya tende, na kingine kimebanwa chini ya ukanda wa plastiki wa kizingiti cha mlango. Kwa hivyo kijivu kilikuja baadaye. Seti ya zulia la kuagizwa nje niliandikiwa bei ya shilingi 98,000 kabla ya ushuru, na sijaiagiza. Vipande vyote viwili nimevitia katika bahasha ndani ya mfuko wa vitabu, kwa sababu siku ya kuagiza nitahitaji kuvipeleka vyenyewe, si picha yake.

29 Juni: Hukumu, sehemu kwa sehemu

Nilianza nikitaka jibu moja kuhusu gari zima, na watu wanaoliona barabarani huniuliza hivyohivyo. Jamaa mmoja, aliyeanza kwa utani wa kuniita Mbenzi, kwa lile neno ambalo Kiswahili kiliwabandika wakubwa wa serikali na magari yao haya, alitaka nimwambie kwa asilimia. Sina asilimia. Ninachoweza kuandika na kukitetea ni hiki: viti viwili vya mbele ni vya kiwandani, vimeguswa mikunjoni, mbao tatu za milango na dashibodi ni za kiwandani, hazijaguswa, ubao wa mlango wa mbele wa kulia ni wa gari jingine na umepulizwa, kiti cha nyuma kina fremu na chemchemi zake, ila vazi na sponji ni vya baadaye, zulia si lake, mkanda wa dereva si wake.

Kuhusu kiti cha nyuma, tulishauriana sana na mzee wa Mwembe Tayari. Ngozi mpya ingekifanya kilingane na kadi, lakini ingekuwa ngozi ya mwaka 2024, na kando ya viti vya mbele ingeonekana ngeni kuliko reksini iliyopo. Bei yake ilikuwa shilingi 52,000. Tuliamua kibaki. Alikirudishia pete za waya badala ya pini za stepla, maana stepla zilikuwa zimeanza kutu kwa hewa ya bahari, akatoza 4,000.

Jumla ya fedha zilizotoka tangu Februari, bila bei ya gari: shilingi 17,950, na kati ya hizo 6,300 zililipia makosa yangu mwenyewe, yaani rangi ya kwanza na kiraka cha mlango.

Kabla ya kukifunga kiti cha nyuma mahali pake, nilikilaza juu chini, nikachukua kalamu ya wino usiofutika na kuandika upande wa chini, kwenye gunia linaloshika chemchemi: “Vazi la reksini, si la kiwandani. Kadi inasema 275. Pete zimefungwa upya Mombasa, Juni 2024.” Mzee aliyasoma maneno, akaniomba kalamu, akaongeza chini yake: “Uzi mweupe ni wa aliyetangulia, si wangu.”